Nusu Saa Bila Tumbaku

Mwishoni mwa mwaka 2012 niliondoka Nairobi kufuata mate ya bibi mmoja. Mama yangu, kule Mombasa, aliposikia aliniuliza kama huko Nairobi watu wameishiwa na mate. Nilimwambia ninayoyataka mimi hayauzwi dukani.

Mimi ni mtafiti wa maradhi ya kurithi. Wakati ule tulikuwa tukichunguza bipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu mpaka asilale, aseme bila kituo na ajione anaweza lolote, kisha ukamwangusha mpaka ashindwe hata kuoga. Kwamba unatembea ndani ya ukoo, tulijua. Jeni zinazoubeba ndizo tulizokuwa tukizitafuta, na kwa hilo tulihitaji familia ulizozipitia kizazi hadi kizazi. Familia ya Akai, msichana wa Kiturkana aliyeko Lodwar, kaskazini mwa Kenya, ilikuwa moja ya hizo. Bibi yake aliugua ujanani akapoa. Mama yake aliugua, na sasa ni marehemu. Kaka yake, Ekiru, alikuwa amelazwa Kakuma. Tulichukua mate kwa kuwa hustahimili joto kuliko damu, na ya Ekiru tulikuwa nayo tayari. Tukiyakosa ya bibi, mnyororo umekatika.

Lodwar nilifika asubuhi, na jua lilikuwa limeshapania. Akai aliningoja mtaani Kanamkemer, nje ya chumba alichopanga karibu na shule ya chekechea anakofundisha. Msichana mrefu, mpole wa sauti, lakini siku ile macho hayakutulia.

"Ejok, daktari," akanisalimu kwa Kiturkana. "Iko maneno moja sijakuambia. Wazee wa mchumba wangu wanakuja kwa Ata kuongea mahari."

Ata ni bibi. Nikauliza wanakuja lini.

"Kesho kutwa. Sisi tutakuwa tumemaliza."

"Wanajua habari za Ekiru?"

"Hapana. Na wewe usiwaambie. Wakisikia ugonjwa iko kwa damu yetu, watarudi na mifugo yao."

Nikamwambia siri ya mgonjwa si yangu kuitoa, hata wanifunge kamba. Nilisema kwa kujiamini sana.

Barabara ya Kakuma ilikuwa mashimo matupu. Ebei, dereva wetu, alibeba askari wawili wenye bunduki kwa hofu ya majambazi, na kila tulipopunguza mwendo walitazama vichakani. Mimi sipendi kutazamishwa vichaka, nikawa nazungumza ovyo. Tulipokaribia Kakuma, Akai alinikatiza.

"Na mimi," akasema, "itanishika?"

"Sijui, mwanangu. Hakuna kipimo cha kukwambia. Ndiyo maana tunatafuta."

"Mchumba akiniuliza hivyo, nimjibu nini?"

Nikageuka, na mimi nikatazama vichaka.

Kakuma tulipitia kwanza hospitalini. Muuguzi, mkimbizi kutoka Kongo, alitupokea mlangoni. "Leo amelala muzuri, na chakula amekula. Lakini asitoke bado." Ekiru alikuwa ameketi kitandani, mikono ikimtetemeka kwa dawa. Swali lake la kwanza halikuwa kuhusu afya yake.

"Wazee wakija, nani atasimama upande wa Akai? Mimi ndiye kaka."

"Pona kwanza," Akai akamwambia, akimnyooshea shuka ambalo halikuwa limekunjamana. Aliponigeukia niliona machozi, nikatoka nje nisimwongezee.

Ng'ambo ya Tarach ndiko kulikokuwa na boma la Ata. Tarach ni mto ambao siku nyingi huwa mchanga mtupu, lakini mvua ikinyesha mbali upande wa Uganda, maji hushuka kwa ghafla na gari halipiti. Tulivuka mchanga ukiwa mkavu. Ebei alitazama mawingu kule magharibi. "Daktari, usikawie," akasema.

Bomani tulikuta punda wakifungwa mizigo. Alfajiri ya kesho yake wote walikuwa wanahama kufuata majani, mbali kusikofika gari. Kwa hiyo ilikuwa siku ile au basi tena.

Ata alitoka kibandani, shanga zimemjaa shingoni, shavu moja limevimba kwa tumbaku. Alinishika mikono akanitemea mate viganjani. Huko mzee akikutemea mate amekubariki, nami nilishukuru. Kisha Akai akamfasiria sharti letu: kabla ya kutema kichupani, nusu saa bila chakula, bila maji, bila tumbaku.

Ata alicheka mpaka shanga zikalia. Alisema tumbaku ilikuwa mdomoni mwake kabla Akai hajazaliwa, sasa mgeni anataka kuihamisha. Lakini aliposikia jina la Ekiru kicheko kiliisha. Aliitoa ile tumbaku, akaibandika nyuma ya sikio, akaketi.

Hazikupita dakika kumi, mbwa wakabweka. Wazee watatu walikuwa wanaingia, kila mmoja na kigoda chake mkononi. Akai alinishika mkono kwa nguvu. "Ni wao. Wamesikia boma inahama."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi ndiye mgeni niliyekuja kumponza mwenyeji.

Aliyetangulia alikuwa Mzee Lokol, baba wa mchumba. Aliketi, akasalimu, akatoa kifuko chake, akachota tumbaku akamnyooshea Ata. Pale tumbaku ndiyo mlango wa mazungumzo. Ukiipokea, umempokea mtu na lililomleta. Ukiikataa, huna haja naye.

Mkono wa Ata uliinuka, ukasimama hewani. Akanitazama, akautazama mkono wa Lokol, kisha akaushusha mkono wake mapajani.

Ningeweza kumwambia Ata achukue, tuanze upya baadaye, lakini mahari hujadiliwa mpaka jioni, tumbaku ikizunguka mkono kwa mkono, na mawingu yalikuwa yameshakuwa meusi. Lokol alisema jambo kwa sauti ya chini.

"Anauliza kama mkono yake inanuka," Akai akaninong'oneza.

"Mwambie ni mimi niliyemkataza. Nusu saa tu, kisha ataipokea."

Akafasiri. Lokol akanigeukia. Swali lake halikuhitaji kufasiriwa: kwa nini?

Nikisema kweli nimemharibia Akai ndoa. Uongo nao nisingeuthubutu mbele ya bibi aliyetoka kunibariki. Wazee watatu walinikazia macho. Niliogopa, sifichi.

Ndipo Akai aliposimama. Alizungumza Kiturkana kwa muda mrefu, na nilichoshika mimi ni jina la Ekiru tu. Alipomaliza alinigeukia.

"Nimewaambia yote," akaniambia. "Ata aligonjeka, mama aligonjeka, Ekiru iko hospitali. Na mimi, hakuna mtu anajua."

Lokol aliukunja ule mkono aliokuwa ameunyoosha, akaufanya ngumi, akauweka gotini. Mmoja wa wenzake alisogeza kigoda chake nyuma. Mwingine alikohoa akatazama punda. Nikajua yamekwisha, wanangoja adabu tu iwaruhusu kuondoka. Ata alikaa wima, mdomo mkavu, tumbaku yake nyuma ya sikio. Mimi nilitazama saa, nikatazama mawingu, nikaitazama ile ngumi. Haikufunguka.

Nusu saa ilipotimia nilimpa Ata kichupa. Mate yalitoka kwa shida, kidogo kidogo, na watu wote bomani wanatazama. Nikakifunga barabara, nikakitia mfukoni.

Lokol akainuka. Akai akaufunika uso kwa viganja.

Mzee alipita mbele yangu bila kunitazama, akasimama kwa Ata, akaifungua ngumi. Tumbaku ilikuwa mle mle, imelowa jasho. Akauliza neno moja.

"Anasema, sasa imefika?" Akai alifasiri, akaanza kulia.

Ata aliichukua.

Baadaye Lokol aliuliza jambo moja tu kuhusu ugonjwa: Ekiru akikosa usingizi, nani hukaa naye? Akai akajibu kwamba ni yeye. Mzee akafikiri, kisha akasema basi nyumba ya bibi harusi isijengwe mbali na Kakuma. Wakaingia kwenye mahari, nami nikakimbilia gari. Maji ya Tarach yalikuwa yanagusa magurudumu tulipovuka.

Mwaka 2013, nikiwa Nairobi, Akai alinipigia simu. Ndoa imefungwa, na Ekiru ndiye aliyesimama upande wake. Kisha akauliza kuhusu yale mate.

Nilimweleza nilichojifunza mpaka hapo: kwamba hatukuona jeni moja ya kulaumiwa, huenda ziko nyingi, kila moja na nguvu kidogo, na pengine hata mimi ninazo baadhi. Jibu lake lenyewe, kama itamshika au haitamshika, sikuwa nalo.

"Bado?" akauliza.

"Bado, Akai."

Nilisikia akimfasiria mtu kando yake, na sauti ya Ata ikijibu.

"Ata anasema ni sawa," akaniambia. "Anasema yeye alikungojea bila tumbaku. Na wewe ngoja."