Karatasi Ilisema Tumeridhika

Mimi ni Mama Amisi, wa Wamaza, kule Kabambare. Wazazi wenzangu, kusema mbele ya watu sikuzoea, kwa hiyo nikitetemeka musinicheke. Wanaonicheka kijijini wanatosha.

Zamani nilikuwa mutu wa watu. Kukiwa na ndoa, ni mimi wa kupika muchele. Kukiwa na kilio, ni mimi pia. Mume wangu alichimba zahabu Salamabila, akirudi na vitenge na vichekesho. Amisi alizaliwa munene, akanyonya vizuri. Alipofika miaka miwili alikuwa hajasema neno hata moja, hata "mama". Kazi yake kuzungusha kifuniko cha sufuria, anakitazama tu. Ukimuita hageuki. Tukapima masikio, masikio mazima.

Halafu akaanza kuuma. Angalieni mukono huu, hizi alama ni meno yake. Ngoma ya ndoa ikilia, anajigonga kichwa ukutani mupaka damu. Mavi alipaka kwenye neti ya mbu, nami nafua kila siku. Mama mukwe akaniambia: "Kwetu hatuna watu wa namna hii. Huyu umemutoa kwenu." Mume akaenda Salamabila mwezi ule, hajarudi mupaka leo. Na kwenye ndoa wakaacha kuniita. Hawakunifukuza, hapana. Waliacha tu kuita.

Mwili ukachoka. Nilikonda, nywele zikabaki kwenye chanuo, damu ya mwezi ikakatika. Moyo ulipiga mbio nikiwa nimekaa tu. Ziko siku zilipita tatu, nne, bila mutu kutaja jina langu. Upweke huo unauma mifupa, siwadanganyi.

Nikasikia kuna dokta wa watoto amefika Kasongo. Nilimufunga Amisi mugongoni, miaka mitano yake yote, tukapanda pikipiki. Dokta alimutazama muda mrefu akicheza, kisha akasema: "Mama, mutoto iko na autisme, wengine wanaita usonji. Alizaliwa nayo. Si uchawi, na si kosa lako. Dawa ya kuiondoa haiko, lakini anaweza kufundishwa." Mimi nilishika neno moja tu, kwamba si kosa langu. Nililia mupaka dokta akafunga mulango.

Watu wa dokta wakatupatia mwalimu, Dada Furaha, wa kuja Wamaza mara moja kwa mwezi. Alimufundisha Amisi kushika picha ya kikombe akisikia kiu. Mimi alinifundisha kutomukaba akipandwa na hasira. Kisha ananiuliza: "Na wewe, mama, umekula?" Hilo swali hakuna mwingine aliyeniuliza. Lakini miezi ya mvua hakufika, wala hakuna aliyetupasha habari. Na kwenye kituo cha afya walinikataza: "Huyu usimulete, anasumbua wagonjwa."

Mwaka ulipopita akaja baba mumoja mwenye miwani, na karatasi ya maswali. Ametumwa na wakubwa wa Dada Furaha kupima sisi wazazi tunahudumiwa namna gani. Alitoka Kinshasa, Kiswahili chake cha kuokoteza. Nikapangusa kiti, nikachinja kuku. Kuku bado iko kwenye moto, yeye anauliza.

"Mwalimu anakuja namna gani?"

"Muzuri."

"Kituo cha afya wanawapokea?"

"Muzuri."

"Na wewe mwenyewe?"

"Muzuri tu, baba."

Sasa jamani, mugeni ametoka mbali, utamumwagia mabaya kabla hajanawa mikono? Kwetu hata mwenye kufiwa anaanza na muzuri. Habari zenyewe zinafuata akisha kula. Nilingoja ale, aniulize tena. Alikula, akashukuru, akakunja karatasi yake, akaenda. Mawe, mama yangu! Nilibaki na maneno yangu yote tumboni.

Baada ya miezi miwili Dada Furaha alikuja kuniaga. "Mama Amisi, karatasi zinasema wazazi wa Kabambare wote wameridhika. Wananipeleka kwa wenye shida."

Wenye shida! Nilicheka kama mwenye wazimu. Mwezi uliofuata Amisi alikaa mulangoni na picha yake mukononi, akimungojea. Hakuna aliyekuja. Akaanza tena kujigonga.

Siku ya kuniaga Dada Furaha alikuwa ameniambia kuna mukutano Kasongo, wa kusoma majibu ya zile karatasi. Nikaenda. Baba wa miwani alikuwa amesimama anasoma jinsi tulivyoridhika. Nikasimama na mimi. Sikusalimia. Tangu nizaliwe, sijaingia kwa watu bila kusalimia.

Nikasema: "Baba, andika. Miezi ya mvua mwalimu hakuja. Kituo cha afya wanatufukuza. Mume amekimbia. Damu yangu imekatika. Na ziko siku nimeomba tulale tusiamke, mimi na mutoto wangu. Andika na hiyo."

Baba wa miwani alishusha karatasi yake. Akaniuliza polepole: "Mama, siku ile mbona hukuniambia?"

"Ulikula, ukaenda!"

Watu wakacheka, na mimi mwenyewe nikacheka huku nalia. Hapo mama mumoja wa Lusangi akanyanyua mukono. "Na mimi aandike." Binti yake, wa namna ya Amisi, alikuwa akifungiwa ndani ya nyumba.

Namushukuru Mungu, na dokta, na Dada Furaha, ambaye sasa amerudi. Namushukuru na baba wa miwani. Alirudi Wamaza, akala kwanza, akaandika mupaka jioni. Damu yangu imerudi. Amisi bado hasemi, na kuuma anauma. Mume hajarudi, kwenye ndoa bado siitwi, na siku nyingi ni sisi wawili tu. Nyinyi wazazi, wakija kuwapima, semeni yote, hata kama chakula hakijaiva.

Siku ya Idi mama wa Lusangi alikuja kwangu na binti yake. Watoto wetu walikaa wamepeana mugongo, hawakutazamana hata mara moja. Nilipika muchele wa sufuria kubwa. Tangu waache kuniita kwenye ndoa, sikuwa nimeiteleka ile sufuria.