Kijiti Mbele ya Kioo cha Mjomba

Nyie wajukuu mnaosoma haya, kaeni vizuri. Jana nilishika kioo cha wanja cha dada yenu, kile kilichobonyea katikati, nikamkumbuka dada yangu.

Tulikuwa bado watoto, na maduka ya Newala, mjini kwetu, yalikuwa yameanza kujaa vitu tena baada ya miaka ya uhaba. Mjomba, mwenye kauli ya mwisho nyumbani kwetu, akanunua kioo cha kunyolea, akakitundika kwenye mkorosho. Alinyoa ndevu huku akijisifu kwa jinsi sura yake ilivyoonekana kubwa. Aliporudi nyuma kufuata taulo, akajiona kichwa chini miguu juu. Akaokota jiwe, akamgeukia dada.

"Nani amekichezea? Ni wewe, msomi wetu! Kesho huendi shule tena."

Dada akapiga goti. "Shikamoo Mjomba. Usikivunje kwanza."

"Marahaba. Sema upesi."

Akachora kwenye mchanga: kioo kama upinde, na mtu amesimama mbali. Mstari wa mwanga kutoka kichwani ukagonga kioo ukarudi ukishuka, wa miguuni ukarudi ukipanda, ikapishana njiani. Kisha akachomeka kijiti mbele ya mkorosho. "Hapa sura itavurugika. Ukipita hapa kurudi nyuma, utapinduka. Ukisogea karibu na kioo, utasimama wima."

Mjomba akaenda na kurudi mara tatu, povu la sabuni likimkaukia shavuni. Kila mara ikawa vilevile dada alivyosema.

"Kumbe kioo hakina ubaya," akasema, akatupa jiwe. "Kesho uwahi shule."

Asubuhi nilikuta mama ameshafagia uwanja wote, na mchoro umefutika kabla sijamwomba dada anieleze vizuri. Nililia.

Ndiyo maana nimeamuru humu ndani: ufagio usiguse mchoro wa mtoto kabla hajatueleza alichochora.