Plagi Mkononi mwa Mzee Loishiye

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, niliyoianza na bichwa kubwa nikaimaliza na akili kidogo. Kaa hapo, mimina chai, na hiyo simu iache mezani. Gitaa hili unalipiga karibu kila siku, lakini kisa chake hiki sijawahi kukusimulia. Nina sababu ya kukisimulia leo. Sababu yenyewe nitaisema mwishoni, maana nikiisema sasa utaninunia na chai itapoa.

Ilikuwa enzi zile za ruksa. Madukani vitu vilikuwa vimeanza kuonekana tena, mitumba imejaa kila kona, na vijana wa bendi walikuwa wanaletewa vinanda vipya kutoka Dubai, vyenye vitufe vya kila rangi. Umeme tu ndio ulikuwa wa mashaka. Ulikuwepo mgao, na mtu alikuwa anachomeka pasi huku akimwomba Mungu.

Mimi nilikuwa fundi cherehani pale Engutoto. Baba yangu alitoka Kondoa, akahamia Arusha kikazi, nami nikakulia hapa bila kujua Kimaasai hata cha kuombea maji. Siku moja ikasimama pikapu mbele ya baraza yangu, akashuka mzee mmoja mrefu, mguu wa kushoto anauburuta kidogo. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia marahaba, akasema anataka kushonewa kifuniko cha turubai. Nikamuuliza cha kufunika nini. Akafunua nyuma ya pikapu.

Ndilo gitaa hili, mwanangu, lakini mimi nilidhani ni meza ya kupigia pasi. Ina miguu minne, juu imelala bapa, ina nyuzi kumi za chuma, na chini ina pedali tatu. Tukaishusha barazani, nikaichukulia vipimo. Kisha, kwa uzoefu tu wa kazi, nikavuta kigoda nikakaa nyuma yake kama ninavyokaa kwenye cherehani, nikadonoa uzi mmoja na kukanyaga pedali. Sauti ikapanda pale pale ikiwa bado inalia, taratibu, kama mtu aliyekuwa analia halafu akasikia habari njema. Nikaachia, ikashuka. Nikakanyaga tena. Sikumbuki kama nilimaliza kuchukua vipimo.

Mzee huyo ndiye Loishiye wa Olmotonyi. Alikuwa dereva wa mwalimu mmoja wa kigeni aliyekuwa akifundisha mambo ya misitu, na mwalimu huyo alipostaafu akamwachia gitaa lake la zamani, ambalo hata kwao lilikuwa limeshazeeka. Mzee Loishiye alikuwa amemsikiliza bosi wake miaka na miaka, nyimbo zote anazijua kwa masikio, ila mguu wake mbovu haukuweza pedali. Aliponiona nakanyaga, akacheka mpaka akashika ukingo wa pikapu. Akasema, "Binti, nimetafuta mguu Arusha nzima, kumbe uko kwa fundi cherehani!"

Basi kila Jumamosi nikawa napanda Olmotonyi kujifunza. Yeye anakaa kwenye kiti chake na kunielekeza kwa mdomo, mimi mkono wa kushoto natelezesha kile kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia nadonoa, miguu inafanya kazi yake ya kila siku. Mwaka mzima. Nilikuwa na furaha, mwanangu, furaha ya kuamka nayo.

Halafu wanawe wakaanza maneno. Mtu mmoja mwenye hoteli ya watalii kule Usa River alikuwa ameliona gitaa na kulipenda. Hakutaka kulipiga. Alitaka kulitundika ukutani, mapokezini, wageni walipige picha. Wanawe wakasema baba, hilo linakula nafasi tu, na anayelipiga si hata mtoto wa hapa. Mzee akaniita, akaniambia bila kuzunguka.

"Neema anaolewa mwezi ujao. Siku hiyo utapiga mbele ya watu. Na huyo wa Usa River nimemwalika. Watu wakilipokea, gitaa linakuwa lako. Wasipolipokea, sina tena maneno ya kuwajibu wanangu."

Neema alikuwa kitinda mimba wake. Nami nikarudi Engutoto. Wiki nne nilikuwa nakaa kwenye cherehani miguu inafanya mazoezi ya gitaa, nikaharibu suruali ya mwalimu mmoja, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Nilijiapiza kwamba siku hiyo hakuna atakayetoka pale bila kunisikia.

Jumamosi ikafika. Ibada ilikuwa asubuhi kanisani, na alasiri watu wakajaa uani kwa Mzee Loishiye, chini ya maturubai, Mlima Meru umesimama nyuma yetu hauna hata wingu. Nyama inachomwa, makande yanapakuliwa, kina mama wamevaa shanga zao juu ya magauni ya kanisani. Waya wa umeme ulitoka dirishani, ukapita chini ya meza ya wageni, ukaja mpaka kwenye spika yangu. Mwenye hoteli alikaa safu ya mbele na koti lake la kaki. Nikamwona, nikasogeza kigoda karibu na gitaa.

Mshereheshaji akanitaja, nikaanza.

Nilipiga, mwanangu! Nilimwaga kila nilichonacho. Gitaa hili, unajua mwenyewe, linakutaka uinamishe kichwa, macho kwenye nyuzi. Basi niliinama kama natunga uzi kwenye sindano, na sikuinuka. Mahali palipokuwa kimya nilipajaza. Kelele zikipungua, naona hapo ndipo pangu, nakanyaga pedali zote, sauti inapanda, inashuka, inapanda tena. Moyoni nasema, wa Usa River, umesikia hiyo? Haya, sikia na hii.

Ghafla, kimya. Nadonoa, nyuzi zinatoa kisauti chembamba kama cha mbu.

Uwanja mzima ukaguna, "Aaah, mgao!" Watu wakacheka. Mshereheshaji akapaza sauti, akawaomba wageni radhi, akasema hata umeme unataka kwenda kula pilau. Nikainua kichwa, karibu nilie.

Na katika kimya kile nikasikia sauti ya mwanamke mzee. Alikuwa ni Koko, mama yake Mzee Loishiye, bibi yake bibi harusi. Amesimama na fimbo yake mbele ya Neema, amezungukwa na kina mama, anaimba kwa Kimaasai. Sauti nyembamba, haina kipaza sauti, lakini imenyooka. Anaimba mstari mmoja, ananyamaza, na watu wote wanaitika pamoja: "Naai!" Anaimba mwingine, ananyamaza. "Naai!" Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa karibu ni nini kile. Akanitazama kwa kunihurumia.

"Anawabariki maharusi, fundi, na sisi tunaitika Naai, kama kusema amina. Alianza tangu ulipoanza. Tulikuwa hatumsikii."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikafuata ule waya kwa macho, kutoka kwenye spika, chini ya meza, mpaka dirishani. Hapo dirishani amekaa Mzee Loishiye juu ya kreti la soda, koti limemfunika magoti, na kwenye upindo wa koti naiona ncha ya plagi. Akaniita kwa kidole. Nikaenda nimeinama.

"Baba, kumbe umeme haujakatika?"

"Haujakatika. Nimechomoa."

"Kwa nini, baba?"

"Ulikuwa unapiga vizuri sana," akasema, kwa sauti ya chini ambayo jirani hakuisikia. "Ila mama yangu akinyamaza, ananyamaza ili watu wamwitikie. Wewe ukaona ni nafasi tupu, ukaingia. Watu wakashindwa kuitika baraka ya mtoto wangu."

"Nilikuwa nataka gitaa lisiondoke."

"Liende wapi, ukutani? Kule angalau lingenyamaza." Akanitania hivyo, nami machozi yananilenga, nikacheka bila kupenda. Kisha akanisogelea. "Nenda kakae. Nitarudisha umeme. Usiguse uzi mpaka wameitika mara tatu. Ya nne, itika nao. Pamoja nao, si kabla yao."

Nikamuuliza, "Na watu wakijua?"

"Watajua nini? Mgao umeshalaumiwa mengi, na hili utalibeba."

Nikarudi kwenye kigoda. Akachomeka, taa nyekundu ya spika ikawaka, watu wakapiga makofi kwa umeme kama kawaida. Mimi nikaweka mikono mapajani. Safari hii sikuinamisha kichwa. Nilimtazama Koko mdomoni.

Akaimba, akanyamaza. "Naai!" Mara ya kwanza. Vidole vinaniwasha. Akaimba, "Naai!" Ya pili. Mwenye hoteli ananitazama, anajiuliza fundi amelala? Ya tatu, "Naai!" Na ya nne, watu walipofungua vinywa, nikadonoa nyuzi mbili kidogo tu, nikatelezesha chuma, nikakanyaga pedali moja ile ya katikati. Gitaa likapanda nao na kutua nao.

Wanawake wakageuka wote kwa mpigo mmoja. Koko akanyamaza, na kimya hiki hakikuwa cha kuitikiwa. Akaanza kuja, fimbo mbele, hatua moja moja, mpaka akafika mbele yangu. Nikajua nimekwisha. Akauweka mkono wake juu ya ubao wa gitaa, ambao ulikuwa bado unatetemeka, akausikiliza kwa kiganja. Akasema neno kwa Kimaasai. Mzee Loishiye akatafsiri kutoka kule kule dirishani, kwa sauti ya kila mtu kusikia sasa.

"Anasema hiki chuma kina adabu. Kimeitika. Anauliza, mwenye miguu hiyo ni mtoto wa nani, anaitwa nani?"

"Mwanaidi," nikasema. "Mtoto wa Ramadhani, wa Engutoto."

Koko akainua uso, mkono wake bado uko kwenye gitaa, akaimba tena. Katikati ya mstari ule wa lugha nisiyoijua nikasikia jina langu. Mwanaidi. Ameniingiza kwenye baraka ya wajukuu zake, mimi mtoto wa Kondoa, mshona suruali. Akanyamaza, na uwanja mzima ukaitika, "Naai!" Mimi mwenyewe sikupiga chochote, mikono haikuweza. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, na Koko akanigonga bega na fimbo kunikumbusha kazi.

Baada ya hapo, mwanangu, ilikuwa furaha tupu. Kina mama wakashika nyimbo, mabega na shanga vinaruka, wao wanaimba na mimi naitika. Mwenye hoteli alicheza na bibi mmoja mnene mpaka kiatu kikamtoka. Kabla jua halijakaribia kuzama alimfuata Mzee Loishiye, jasho linamtiririka, akamwambia, "Mzee, nimeghairi. Mimi nitatundika ngao tu." Hata wale wanawe walicheka. Gitaa nikashuka nalo Engutoto kwenye pikapu ile ile, nimelishikilia njia nzima kama mgonjwa.

Siri ya plagi tulibaki nayo wawili. Mzee aliondoka duniani bila kumwambia mtu, na kila tulipokutana aliniuliza, "Fundi, huko kwenu mgao vipi?" Nami namjibu, "Umepungua, baba." Nilimpenda mzee yule, na nataka ulijue hilo.

Sasa sababu niliyokuahidi. Jumapili iliyopita, pale uani kwetu, ulikuwa unapiga na jirani yetu Upendo anaimba. Umeme ukakatika ghafla, ukalalamika kweli, ukasema nchi hii. Mwanangu, friji jikoni ilikuwa inanguruma muda wote. Umeme nilichomoa mimi. Plagi ilikuwa ndani ya kanga yangu. Upendo alikuwa anaujaribu wimbo aliotunga mwenyewe, na sote, wewe ukiwemo, tuliusikia kwa mara ya kwanza baada ya wewe kunyamaza. Ulikuwa mzuri, sivyo?

Usinune, nilikuonya. Mkono wako ni mwepesi kuliko wangu wa wakati ule, ndiyo maana nimehangaika na wewe. Ninachokuusia ni hiki: mtu akinyamaza mbele yako, jukwaani au nyumbani, usikimbilie kuona amekuachia nafasi. Huenda anasubiri kuitikiwa. Inua kichwa umtazame mdomoni kwanza. Hofu ya kutosikika ndiyo iliyonifanya nisisikie, na siku ile nilikaribia kuipoteza kazi ninayoipenda kwa kuing'ang'ania. Na ukiwa mkubwa, ukaona kijana anakosea mbele za watu, mfuate kwenye waya, usimfuate kwenye kipaza sauti. Mchomolee kimya kimya, lawama waachie mgao. Mimi nimeishi na heshima mji huu kwa sababu mzee mmoja aliificha plagi kwenye koti.

Kesho kutwa unapiga harusini Olmotonyi, kwa mtoto wa Neema. Nenda nalo gitaa, na kuanzia leo usilirudishe kwangu, ni lako. Kifuniko kile cha turubai nimekishona upya pembeni.

Sogea nikuwekee mkono kichwani, kama nilivyowekewa baraka na mimi. Mungu aipe miguu yako wepesi na masikio yako uvumilivu. Akupe watu wa kukuimbia, na akujalie uwaitikie. Umeme ukikatika, akupe moyo wa kutazama kwanza nani ameshika plagi.

Sasa nanyamaza, mwanangu. Usipige kitu. Itika.