Udongo wa Skola

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, Iringa ilikuwa na ukungu mzito hata magari yalipita asubuhi yakiwa yamewasha taa, na mimi nilikuwa ndani ya studio ya video pale Mlandege nikijisifu kimoyomoyo. Nakumbuka kwamba nilikuwa najisifu kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yangu kubwa wakati ule. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya fasihi, ajira hakuna, nikaamua kujifunza kuhariri video. Haukupita muda nikawa najua kubandika wimbo juu ya picha, kuifanya picha moja iyeyuke taratibu ndani ya nyingine, na kuandika jina la marehemu kwa herufi za dhahabu zinazozunguka. Nikaona hakuna kilichobaki cha kujifunza.

Usicheke. Juzi umeniletea kompyuta yako nikuangalizie kwa nini inakwenda polepole, nikakuta mafaili yamejaa kwenye kioo mpaka picha ya yule binti uliyemweka nyuma inaonekana sikio tu. Sikusema kitu kwa sababu mama yako alikuwa amekaa pembeni. Leo nasema.

Basi mlango ukafunguka, akaingia mzee mwenye koti refu na mabuti ya mpira yaliyoganda tope la Kilolo. Hakusema kamwene, ile salamu ya Wahehe. Mzee wa Kilolo akiingia mahali bila kusema kamwene, jua kwamba umemkosea, hata kama humfahamu.

"Nani katengeneza video ya msiba wa kaka yangu?"

Bi Shirin, mwenye studio, akaninyooshea kidole bila kuinua macho kwenye kikombe chake cha chai. Mama huyu wa Kihindi alizaliwa Iringa, babu yake alipiga picha za pasipoti za nusu ya mji, na hakuwa na tabia ya kumficha mfanyakazi.

"Kijana," mzee akasema, "kaburini nilitupa udongo mara mbili. Wewe umenionyesha mara moja. Ya pili umeipeleka wapi?"

Sikuelewa. Ikabidi akae, aeleze, na kadiri alivyoeleza ndivyo majisifu yangu yalivyokuwa yananitoka kupitia miguuni.

Marehemu kaka yake alikuwa na binti aitwaye Skola. Skola aliondoka nyumbani akaenda Makongolosi na mwanamume ambaye baba yake hakumtaka, akafungua mgahawa wa kuwapikia wachimba dhahabu, na baba na mwana wakaacha kusemeshana. Baba alipofariki, Skola alikuwa amelazwa Mbeya, amejifungua kwa upasuaji, hawezi hata kugeuka kitandani. Alichoweza ni kumpigia simu baba yake mdogo, ndiye huyu mzee aliyekuwa mbele yangu, akamwomba kitu kimoja: wakati wa kutupa udongo, amtupie na wa kwake. Mzee akakubali, na kule kaburini akafanya hivyo mbele ya watu wote.

Kisha mimi nikatengeneza video. Ikachomwa kwenye DVD, ikapakiwa basi la Mbeya, ikamfikia Skola. Akaitazama mpaka zamu ya baba yake mdogo inapofika. Akamwona anainama, anatupa kiganja kimoja cha udongo, anakung'uta mikono, anaondoka. Anayefuata.

"Amenipigia," mzee akasema. "Ananiambia, baba mdogo, kumbe mlinitenga mpaka kaburini. Namwambia nilitupa. Ananijibu, nimeona kwa macho yangu. Sasa niseme nini? Wiki ijayo ni arobaini. Kasema haji, na mtoto hatutamwona mpaka tufe. Picha yako imenifanya mwongo, bwana, na mimi si mwongo."

Hapo nikakumbuka. Mwanangu, niliiona ile mara ya pili. Niliiona wakati wa kuhariri, mzee anainama tena, anachota tena. Nikajiambia huyu anarudia. Chuo tulifundishwa kwamba kurudia bila sababu kunachosha, na nilikuwa nimepata alama nzuri sana kwenye somo hilo. Nikakata. Sikusikia maneno aliyoyasema, kwa sababu nilikwishalaza wimbo wa kwaya juu ya mazishi yote, na safu ya sauti za watu nilikuwa nimeizima ili wimbo usikike vizuri. Niliuhariri msiba wa watu kama insha.

Nikafungua mdomo. "Mzee, unajua, wakati mwingine kompyuta inakula..."

"Kompyuta haili," Bi Shirin akasema. Sasa alikuwa ameinua macho. "Mimi nakula, wewe unakula, tena wewe sana. Kompyuta ni sanduku. Kama kitu hakipo sandukuni, aliyepanga hakupanga. Mwambie mzee hujui umekiweka wapi. Sema hivyo."

"Mzee, niliona kama unarudia, nikakata. Sijui nimekiweka wapi."

"Haya. Tafuta. Harusi ya Jumamosi nitampa mtu mwingine. Hugusi kazi mpya hapa mpaka udongo wa huyo binti uonekane, na usipoonekana wewe na mimi tutaagana."

Mzee akavua kofia, akaiweka gotini. "Mimi nipo kwa shemeji hapo juu. Nitakuwa nakuja kukaa."

Akawa anakuja kukaa kweli. Alikaa nyuma ya kiti changu kama msimamizi wa mtihani.

Nikaanza na ile kadi ya kamera niliyorekodia mazishi. Nikaifungua mbele yake, wakatokea watoto wa chekechea wamevaa majoho, wanacheza. Nilikuwa nimeifuta kadi na kurekodia mahafali.

"Hawa ni kina nani?" mzee akauliza.

"Ni kazi nyingine, mzee."

"Wanacheza vizuri," akasema, kwa sauti ambayo mpaka leo sijajua kama ilikuwa dhihaka.

Kwa hiyo tumaini lilibaki ndani ya kompyuta, na ndani ya kompyuta nilikuwa nimeishi kama nguruwe. Kulikuwa na folda inaitwa "msiba". Nyingine "msiba mpya". Nyingine "hii ndiyo", na ndani yake "hii ndiyo kweli". Kulikuwa na moja inaitwa "usifute" ambayo ilikuwa tupu. Vipande vyenyewe vilikuwa na zile namba zinazotolewa na kamera, na kamera inaanza upya kila ukiifuta kadi, kwa hiyo mazishi ya Kilolo yalikuwa na namba zilezile za harusi ya Mafinga. Ukifungua ukitegemea jeneza unakutana na keki. Nilipoufungua mradi wenyewe kwenye programu, nusu ya vipande ilikuwa imegeuka nyekundu. Programu ilikuwa inaniuliza kwa adabu: hivi vitu umevihamishia wapi?

Siku ya kwanza nilitafuta kwa kurukaruka. Nafungua hiki, nafunga, nafungua kile, jasho linanitoka kwenye baridi ya Iringa. Mzee akavumilia, mwishoni akasema, "Kijana, hicho ushakifungua. Huyo mama mwenye kitenge cha njano tumemwona mara nyingi kuliko ndugu zangu."

Kauli hiyo ndiyo iliyonituliza. Niliacha kutafuta, nikaanza kupanga. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, na ningetamani uvitofautishe ukiwa kijana kuliko nilivyokuwa mimi. Nikafungua folda moja mpya, nikaiita kwa jina la marehemu na kijiji. Ndani yake nikaweka folda ya picha, folda ya sauti, folda ya nyimbo, na folda ya mradi. Kisha nikachukua kila kipande nilichokuwa nacho, nikakitazama, nikakipa jina la kile kinachoonekana ndani: ibada kanisani, gari la jeneza, akina mama wanaimba, baba mdogo anainama. Vya Mafinga nikavirudisha kwao Mafinga. Kazi ya kuchosha, haina sifa, hakuna anayeipigia makofi. Lakini kila kipande nilichokiita jina hakikunisumbua tena.

Mara ya pili ya mzee ikaonekana kwenye folda ya Mafinga, katikati ya vipande nilivyokuwa nimeviwekea jina "futa". Sijui kwa nini sikuwa nimevifuta. Wengine wataita neema. Mimi najijua, naita uvivu. Tukamwona anainama tena, anachota, anasimama na udongo mkononi, midomo inatembea. Lakini kamera yangu ilikuwa mbali, kwenye kilima, na upepo ulikuwa unavuma. Maneno hayakusikika.

"Nilisema," mzee akanong'ona. "Nilisema kwa sauti."

Pale kaburini kulikuwa na kinasa sauti nilichokichomeka kwenye spika za kanisa, na mwendesha ratiba alikuwa akimpa kila mtu maikrofoni. Sasa nilikuwa na folda ya sauti, kwa hiyo sikutafuta. Nilikwenda moja kwa moja. Nikaifungua kazi upya, safari hii kistaarabu. Picha nikaziweka safu yake. Sauti za watu safu yake, peke yake. Upepo na kengele na mengine ya pale pale, safu nyingine. Wimbo wa kwaya nikaushusha chini kabisa, safu ya mwisho, mahali pa mgeni. Kila safu nikaiandika jina.

Likabaki suala la kuzikutanisha sauti na picha, maana zilirekodiwa mbalimbali. Nikasikiliza. Udongo wa kwanza wa mzee ulipoangukia jeneza, kinasa sauti kilisikia mshindo mmoja: tu! Kwenye picha, udongo ule unaonekana ukigusa mbao. Nikavuta ule mshindo mpaka ukakaa juu ya mguso. Baada ya hapo kila kitu kikafuata chenyewe, na mdomo wa mzee ukapata sauti yake.

"Huu ni wa Skola. Kaka, mwanao yuko hospitali, amekuletea mjukuu. Maneno yenu yaishie humu."

Kisha udongo ukaanguka.

Mzee akasogeza kiti karibu na kioo. Bi Shirin aliinuka, akamletea chai bila kuulizwa, na kwangu hakuleta. Baadaye mzee akasema, "Irudie," nikairudia, akasema tena, "Irudie." Hakuna aliyechoka.

DVD mpya ikapanda basi la Mbeya jioni ileile. Siku chache baadaye alisimama mlangoni mwanamke mwembamba, mtoto mgongoni amefunikwa mpaka kichwa kwa sababu ya baridi, begi miguuni. Alikuwa anasubiri gari la kwenda Kilolo.

"Nimeambiwa kuna msomi hapa anayepunguza watu udongo," akasema.

"Ni mimi, dada. Nisamehe."

"Eti nilikuwa narudiwa." Akanitazama. "We kaka, siku baba yako akifa, utaona kama kuna mtu anarudia."

Nikainamisha kichwa. Akageuka kuondoka, kisha akarudi hatua moja na kushusha kitambaa usoni pa mtoto ili nimwone. Alikuwa amelala. "Namfikisha kwao," akasema, na sauti yake haikuwa na ukali tena.

Sasa mwanangu, nisikilize. Wewe unaijua programu yako kuliko ninavyoijua mimi, na vitufe vyake vipya vinanitisha. Lakini kwenye hili nina uhakika, na sitaomba radhi kwa uhakika wangu. Kabla hujakata hata kipande kimoja, tengeneza nyumba ya kazi hiyo: folda moja yenye jina la kazi, na ndani yake vyumba. Kila kipande kipe jina la kilichomo, siku ileile, ungali unakumbuka. Neno "mpya" usilitumie kabisa, kwa sababu kesho si mpya. Ukishavipanga usivihamishe ovyo nyuma ya mgongo wa programu. Kadi ya kamera usiifute mpaka kazi iwe imehifadhiwa mahali pawili na mwenye kazi ameitazama akaridhika. Safu zako zigawe: sauti ya mtu isilale kitanda kimoja na muziki, na kama ni lazima uizime, kwanza uisikilize yote mpaka mwisho.

Na ukiona kitu unadhani kinarudiwa, kiweke pembeni, ukiite jina, uulize. Wanaokuletea kazi hawakuletei picha tu. Wanakuletea siku ambayo haitakuja tena, na wengi wao hawana nakala nyingine isipokuwa ile iliyoko mikononi mwako. Utaalamu wa kuyeyusha picha utaupata. Vijana wote wanaupata. Mpangilio ni heshima, na heshima haimo kwenye programu, unaingia nayo mwenyewe.

Nenda basi, mwanangu, kafanye kazi. Mungu akupe macho yasiyochoka na kiti kisichouma mgongo. Umeme ukikatika, ukukute umeshahifadhi. Na mtu akija mlangoni kwako na uchungu wake, hata asipokusalimu, Mungu akujalie uwe na kile alichokuja kukitafuta, umpe kabla chai haijapoa.