Baba na Ndege za Gurudumu la Mkiani

Juzi nilipita mtaa wa Jericho, nikasimama kando ya nyumba yetu ya zamani. Upepo ulikuwa unatimua vumbi, ndugu yangu. Upepo wa namna ile ndio aliouchukia mama.

Baba alikuwa fundi wa ndege ndogo, zile kuukuu zenye gurudumu dogo chini ya mkia. Kuruka hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kutua. Upepo ukiipiga ndege ubavuni, mkia hutaka kukipita kichwa, ndege ikazunguka na kuburuza bawa chini. Miaka ile ya tisini ajali hizo hazikuisha, na baba alituigizia kila moja mezani kwa kijiko, sukuma wiki ikipoa, sisi tukicheka mpaka jirani anagonga ukuta.

Kazini kwao palikuwa na desturi moja: ndege ikijaribiwa, fundi aliyeitengeneza hupanda pamoja na rubani. Ukiiogopa kazi ya mikono yako, nani ataiamini? Kila siku ya majaribio, mama hakuwasha jiko mpaka asikie kikohozi cha baba mlangoni. Njaa ilituuma, lakini nani angethubutu kuuliza? Nje, vijana wa mtaa walinitania kuhusu baba, "Niaje, buda yako amepaa leo?" Nikajifanya kiziwi.

Jioni moja kikohozi kilichelewa. Baba aliletwa na wenzake, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, damu imekauka kwenye nyusi. Ndege ilizunguka ikitua, ikabinuka. Rubani alitoka mzima. Baba alikunywa chai taratibu, akasema akipona ataitengeneza, na atapanda tena.

Mama hakupaza sauti. "Mzee, ukipanda tena, mimi na watoto tunaenda kwetu."

Hakupanda. Aliacha ufundi wa ndege, akapata kazi ya kufunga makatoni katika kiwanda kimoja Industrial Area. Kila jioni alirudi mapema, akala kimya, akalala. Tulizoea, kama watu wanavyozoea maji kukatika.

Baba tulishamzika. Mwaka jana nilikuwa nachambua mboga na mama, naye akasema bila kuniangalia, "Mimi nilitaka tu awe anarudi salama. Akarudi, lakini hakuwa yule."