Mstari Ulioandikwa kwa Maji

Asiyemjua Geng Baochun pale mnarani, kando ya mto Gan kule China, basi huyo si mtu wa kuamka mapema. Kila asubuhi, akishakula tambi zake za mchele zenye pilipili, mpishi huyu mstaafu hubeba ndoo na burashi ndefu, akaandika mashairi kwa maji juu ya mawe ya uwanja. Jua likitoka yanakauka. Yeye hucheka tu, akaanza upya.

Mwaka ule mlango wa mnara ulipakwa rangi mpya. Nguzo ya kulia ikatundikwa mstari wa kwanza: "Mto waenda, mnara wabaki." Ya kushoto ikaachwa wazi ili watu walete jibu, mstari wa pili wa kulandana na wa kwanza, kama desturi ilivyo, na jina la mshindi lichongwe chini yake. Loo! Geng alilitaka jina lake pale kuliko kitu chochote duniani. Majira yote ya baridi alihangaika, akaunguza masufuria, mkewe akamnunia.

Jibu lilipomjia, alimwonyesha mtu mmoja tu, Tao Jinhai, mwenzake wa burashi tangu ujana. Akaliandika mawe yangali na umande: "Mwenyeji kafa, wageni bado wanamuaga."

Tao alilisoma na kulirudia mpaka maji yakakauka. "Zuri, kaka. Lakini usilipeleke bado. Liache liive kwanza."

Geng, masikini, akaliacha liive.

Siku ya kufunua ubao wa nguzo ya kushoto, kitambaa kilishuka, na mstari ukawa ule ule wa Geng, neno kwa neno. Chini yake: Tao Jinhai.

"Tao! Mimi ndiye wa kunifanyia hivi?"

"Uliandika kwa maji, bwana. Nani alikuona?"

"Si wewe mwenyewe!"

Tao akawageukia wapiga picha. Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo hii sasa.

Mke wa Geng alimwambia asirudi kule. Akarudi. Akauandika mstari wake mbele ya mlango, herufi kubwa kubwa. Mama mmoja mgeni akatazama ubao, akatazama chini, akaangua kicheko.

"He, babu! Unamwiga Bwana Tao mchana kweupe? Hata haya huna!"

Tao alikuwa palepale, amezungukwa na watu. Akatabasamu kwa upole.

"Mwacheni mzee wa watu. Anajifunza."

Siku hiyo Geng hakulingoja jua. Aliufuta mstari kwa kiatu chake mwenyewe.