Tulipongoja Maziwa Yachafuke

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya mifugo ya Njombe, sikukabidhiwa koti wala ufunguo. Mkuu wa Maabara, mzee mrefu aliyevaa masweta mawili mwaka mzima, alinivutia kiti mbele ya hadubini akasema, "Angalia, binti. Usiniambie kitu mpaka uwapende."

Niliona tone la maziwa lililokaushwa kwenye kioo na kutiwa rangi. Ndani yake zilitapakaa duara ndogo zenye viini vya zambarau. Zilikuwa chembe nyeupe za damu. Vijidudu vikiingia kwa tundu la chuchu, alinieleza, chembe chache zinazolinda kiwele hutoa ishara, na hizi nyingine huja mbio kutoka kwenye damu. Hujipenyeza kwenye kuta za mishipa, huwameza wavamizi na kufa hapohapo. Mabonge kwenye maziwa ya ng'ombe mgonjwa, kwa sehemu kubwa, ni maiti zao. Wafugaji waliyaita uchafu. Yeye alishusha sauti kila alipoyataja.

Baadaye nilipangiwa Makambako, mji wa upepo na malori. Nilizunguka na kibao cha plastiki chenye vikombe vinne, kimoja kwa kila robo ya kiwele. Unakamulia maziwa kidogo, unatia dawa ya kupimia, unazungusha. Chembe nyeupe zikiwa nyingi, maziwa huwa mazito kama uji. Zikiwa chache, hubaki mepesi, na mfugaji hushukuru Mungu.

Asubuhi moja ya ukungu tuliitwa Mahongole, mimi na Mkuu aliyekuwa amekuja kukagua kituo. Mama Atu, mjane, alikuwa na ng'ombe mmoja, Neema, wa ule mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe: unapewa mtamba, na ndama jike wa kwanza unampa jirani. Neema alikuwa ametoka kuzaa jike. Ndama huyo alikuwa tayari ni wa jirani, aliyekwisha kujenga hadi banda. Neema akifa, Mama Atu angebaki na zizi tupu.

Tulimkuta amelala, masikio ya baridi, robo moja ya kiwele imevimba. Shemeji wa Mama Atu alikuwa ameshamwita mchinjaji, na kisu kilikuwa kimenolewa. Nilikamua, nikatia dawa, nikazungusha. Maziwa yalibaki mepesi kama maji ya kuoshea mchele. Watu wakapumua, nami pia.

"Ndiyo maana naogopa," Mkuu akasema. "Humu ndani kuna vita na askari hawajafika."

Alituelezea kwamba ng'ombe aliyetoka kuzaa, jeshi lake huwa zito kuamka, na vijidudu huzaana bila kuulizwa. Kisha akamgeukia Mama Atu na kumwambia ukweli wote. Angeweza kumchoma Neema sindano, lakini akishachomwa, dawa hubaki mwilini na nyama yake haiuzwi. Mchinjaji angeondoka.

Mama Atu aliuliza, "Hao askari wako, watakuja?"

"Sijui, mama. Wakija, maziwa yatachafuka kwanza."

Alimshika Neema sikio kwa muda mrefu. Akavua blanketi lake begani, akamfunika. "Mchome," akasema.

Tukamnywesha maji ya chumvi kwa chupa, tukawa tunaikamua ile robo tena na tena, maana maziwa yakikaa humo huwalisha vijidudu. Tuliyamwaga shimoni na kupima upya. Mepesi. Mepesi tena. Shemeji, aliyebaki ameegemea uzio, akauliza, "Mzee, huyo ng'ombe mnampima au mnamwombea?"

"Vyote viwili, kaka. Njoo ushike mkia."

Naye akaja, akaushika.

Jua lilipoanza kushuka kuelekea Wanging'ombe, nilizungusha kibao nikahisi kinakuwa kizito mkononi. Maziwa ya kikombe kimoja yalikuwa yanavutika kama uji wa ulezi. Mama Atu alichungulia. "Yamechafuka," akasema polepole, na machozi yakamtoka.

Mkuu aliinama juu ya kile kikombe, akavua kofia, akakisalimu kwa Kibena kama anavyosalimiwa mgeni aliyetoka mbali: "Kamwene."

Neema alisimama kesho yake. Ile robo ilikauka kabisa. Alikamuliwa robo tatu hadi uzee wake. Ndama alipoachishwa maziwa, Mama Atu alimvusha mwenyewe uzio kwa jirani, akarudi kumkamua mama yake.

Sasa nimestaafu, nipo Uwemba na bustani yangu ya viazi. Vijana mna mashine zinazohesabu chembe kabla mtu hajameza mate, nami nazifurahia. Mzee yule hayupo tena. Lakini jirani akiniletea maziwa niyapime, na kikombe kimoja kikawa kizito mkononi, kabla sijatamka jina la ugonjwa navua kilemba changu, nawasalimu askari wale.